Kabla Hujaufungua Mraba Ule: Ushauri kwa Wenye Simu wa Misisi, Fizi na Baraka

Mnunuzi wa dhahabu katika Misisi, huko mashariki ya Kongo, awe negosia mwenye kibanda cha mbao au kijana aliyetumwa na tajiri wa Bukavu, hainunui punje kwa sababu inang'aa. Huitia motoni, huidondoshea tindikali, huipima katika mizani ndogo inayokingwa upepo, kisha huitazama tena kwa jicho la shaka kana kwamba hayo yote hayakutosha, na muuzaji hakasiriki, kwa kuwa desturi ya soko imekwisha kuamua kwamba kukagua si kutukana. Mtu huyo huyo, mwenye hadhari yote hiyo juu ya gramu moja, akionyeshwa picha ya mraba wenye vidoa vyeusi na vyeupe, iliyobandikwa ukutani au iliyoletwa katika kundi la WhatsApp, huinua simu yake, huielekeza, hubonyeza, kisha hungoja kuona nini kitatokea. Makala haya yanamwomba ahamishe sehemu ndogo ya tabia yake ya mizanini aitie katika simu.

Mraba huo huitwa msimbo wa QR, na asili yake haina uhusiano wowote na fedha wala na wezi. Ulibuniwa mwaka 1994 nchini Japani na mhandisi Masahiro Hara na wenzake wa kampuni ya Denso, waliotaka kufuatilia vipuri vya magari kiwandani kwa upesi kuliko walivyoweza kwa ule msimbo wa mistari tunaouona juu ya pakiti za sabuni na biskuti. Na kwa kuwa kiwandani kuna mafuta na uchafu, waliuunda kwa namna ambayo hata sehemu yake ikichafuka au kuchanika, kufikia kiasi cha 30 kwa mia katika daraja lake la juu, bado husomeka. Ile miraba mitatu mikubwa iliyo katika pembe ndiyo inayoiambia kamera upande upi ni juu. Wenye haki ya ubunifu hawakutoza watu ada, na ukarimu wao ndio ulioueneza duniani kote; lakini kwa ukarimu huo huo mtu yeyote, mahali popote, bila leseni wala kiapo wala kuulizwa jina, aweza kutengeneza msimbo kwa dakika moja, kwa simu ile ile anayopigia nyumbani. Mhuri wa ofisi angalau una mwenyewe, na anayeughushi hufanya kazi ya kuuiga. Msimbo hauhitaji kughushiwa, maana hauna mwenyewe tangu mwanzo.

Ndani ya mraba hamna mashine, hamna mdudu, hamna sumu. Mna maandishi tu, ambayo kamera huyasoma na jicho la binadamu haliyawezi. Aghalabu maandishi hayo ni anwani ya ukurasa wa intaneti, lakini yaweza pia kuwa namba ya simu, au ujumbe uliokwisha andikwa ukingoja kutumwa, au jina la Wi-Fi pamoja na neno lake la siri. Hapo panafuata jambo ambalo ningependa msomaji alishike kuliko mengine yote ya makala haya: kuusoma msimbo ni tendo moja, na kuufungua ni tendo la pili. Kamera ikiusoma huonyesha kwanza kilichomo, katika mstari mdogo juu ya picha au chini yake, kisha simu hukungoja wewe useme neno kwa kidole chako. Na usalama wako karibu wote umo katika kituo hicho kifupi, ambacho wengi wetu hukipita mbio kama mtu apitaye kizuizi cha barabarani kisicho na askari. Simu za iPhone zimekuwa na uwezo huo ndani ya kamera yenyewe tangu mwaka 2017, na simu nyingi za Android hufanya vivyo hivyo kwa kamera au kwa Google Lens. Ikiwa simu yako, au programu unayoitumia kusomea, inarukia ukurasa moja kwa moja pasipo kukuonyesha anwani, basi ibadilishe katika mipangilio yake, na isipobadilika iache.

Zamani kidogo kituo hicho hakikuwapo katika simu zote. Mwaka 2012, katika mkutano wa wataalamu wa usalama wa kompyuta mjini Buenos Aires, mtafiti Ravi Borgaonkar alionyesha kwamba baadhi ya simu za Samsung, zikipewa namba maalumu yenye nyota na diezi kupitia ukurasa wa intaneti au msimbo wa QR, ziliitii namba hiyo zenyewe na kufuta kila kilichokuwamo. Kasoro ile ilizibwa, na simu za leo huonyesha namba na kungoja. Hata hivyo watu wa Fizi, ambao fedha zao hupita kila siku katika namba za nyota na diezi kama ile *1122# ya M-Pesa, wanayo sababu ya kuwa wa kwanza kukataa kupiga namba ya namna hiyo iliyotoka katika picha. Menyu ya fedha hupigwa kwa namba unayoijua kwa moyo, au uliyoonyeshwa na mtu wa kabini, yaani wakala wa fedha za simu, unayemfahamu, wala si kwa namba iliyojileta.

Haya, anwani imetokea, isomweje? Wengi husoma mwanzo wake tu, na wakiona jina walijualo hutulia, jambo ambalo walaghai wamelijua siku nyingi. Njia sahihi ni kuanza baada ya yale maandishi ya https na mikwaju yake miwili, kwenda mbele hadi mkwaju unaofuata, kisha kurudi nyuma kuelekea kushoto: maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju huo, yenye nukta katikati yake, ndiyo mwenye nyumba, na yote yaliyoyatangulia ni mapambo ambayo mwenye nyumba aweza kuyaandika apendavyo. Chukua mfano wa kubuni. Anwani inaanza kwa jina la kampuni ya simu, inafuata nukta na cd, inafuata nukta tena na zawadi-leo, halafu nukta na top. Msomaji mwenye haraka huona jina la kampuni na ile cd, ambayo ni tamati ya anwani za Kongo, naye huridhika; msomaji mwenye utaratibu huona kwamba mwenye nyumba ni zawadi-leo.top, mtu asiyejulikana, aliyelitundika jina la kampuni juu ya mlango wake. Kwa anwani za serikali ya Tanzania, ambazo wafanyabiashara wavukao Ziwa Tanganyika hukutana nazo, hesabu maneno matatu, kwa sababu huishia kwa go.tz. Tazama pia herufi moja moja, kwa maana sifuri hujifanya o, na namba moja hujifanya l, na r ikikaa kando ya n katika kioo kidogo kilichopasuka hufanana kabisa na m.

Yako mambo mawili yanayowapa watu utulivu wa bure. La kwanza ni ile alama ya kufuli ambayo baadhi ya programu huionyesha kando ya anwani. Kufuli husema tu kwamba njia kati ya simu yako na ukurasa ule imefungwa, wapita njia wasisikilize. Halisemi lolote juu ya uaminifu wa aliye upande wa pili, na mwizi naye hulipata kufuli hilo, tena bila malipo. La pili ni anwani zilizofupishwa, kama zile za bit.ly, ambazo watu huziona safi kwa kuwa ni fupi, kumbe anayekupa anwani ya namna hiyo hajakuonyesha kitu, amekupa pazia. Mwenye mega za intaneti za kutosha aweza kuinakili anwani pasipo kuifungua, akaibandika katika ukurasa wa VirusTotal, ambao huiuliza mitambo mingi ya ulinzi kwa pamoja kama inaijua kwa ubaya. Jibu baya lisadiki. Jibu jema lisikutoshe, maana ukurasa uliozaliwa jana bado haujashitakiwa na mtu. Na mara nyingi hakuna haja ya taabu yote hiyo, kwa kuwa kampuni unayoijua ina namba yake na anwani yake, nawe waweza kuupuuza mraba na kuiandika anwani hiyo kwa mkono wako.

Anwani ikiwa njema, bado kuna hila inayofanywa kwa gundi. Mnamo Januari 2022 polisi wa Austin, katika jimbo la Texas nchini Marekani, walitangaza kwamba walaghai wamebandika misimbo ya uongo juu ya mashine za kulipia maegesho ya magari, na tarehe 18 ya mwezi huo shirika la upelelezi la FBI likatoa tahadhari kwa nchi nzima. Mwaka uliofuata, nchini Uingereza, mwanamke mmoja aliusoma msimbo uliobandikwa juu ya ule wa halali katika maegesho ya stesheni ya Thornaby, na mwisho wa habari yake ulikuwa hasara ya paundi 13,000. Tena lililo zito katika kisa hicho ni kwamba benki yake iliyazuia malipo ya kwanza, lakini walaghai, wakiwa wamekwisha kuzipata habari zake katika ukurasa wa uongo, walimpigia simu wakijifanya watumishi wa benki na kumaliza kazi kwa maneno matamu. Misisi haina mashine za maegesho, na anayeijua barabara ya kutoka Lulimba wakati wa masika atacheka akisikia kwamba kuna watu wanaolipa ili gari lisimame. Lakini mfanyabiashara wa Baraka anayevuka Tanganyika kwenda Kigoma hukuta maduka yenye Lipa Namba na mraba wake juu ya kaunta, chini ya utaratibu wa pamoja ambao Benki Kuu ya Tanzania imeuita TANQR, na Kenya nayo ilitoa kanuni yake ya kitaifa ya misimbo ya malipo mwaka 2023. Kwa hiyo gundi ile haiko mbali nasi kama Texas ilivyo mbali.

Basi kabla ya kulipa kwa mraba wa dukani, pitisha kidole juu yake. Karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi ina ukingo, na ukingo huo husikika kabla haujaonekana. Mraba ulio chini ya kioo cha kaunta, mbele ya macho ya muuzaji mchana kutwa, una heshima kuliko ulio ukutani nje, ambako kila apitaye usiku ana nafasi yake. Kisha muulize mwenye duka, kabla ya kuinua simu, jina gani litatokea. Hilo ni swali la adabu wala halimvunjii heshima. Baada ya kusoma msimbo, programu ya malipo huonyesha jina la mpokeaji kabla ya kudai namba ya siri, na jina hilo likitofautiana na lile uliloambiwa, simama hapo hapo, hata kama nyuma yako kuna mstari wa watu wanaonung'unika. Muuzaji akisema kwamba hilo ni jina la shemeji yake, mwombe namba yenyewe na uiandike kwa mkono, au lipa kwa fedha taslimu.

Juu ya namba ya siri nitakuwa mfupi, maana maneno yake ni machache. Kupokea fedha hakuhitaji namba ya siri. Nchini India, ambako malipo kwa mraba yameenea mpaka kwa wauza mboga, benki na polisi wamelazimika kulirudia neno hilo mwaka baada ya mwaka, kwa sababu walaghai humwendea mtu anayeuza kitanda chake cha zamani na kumpelekea msimbo wakisema ausome ili apokee malipo. Naye, akiitia namba yake ya siri, huwa amelipa badala ya kulipwa. Kreseri, yaani mchimbaji mdogo, aliyeahidiwa fedha na mnunuzi wa mbali hana kitu cha kusoma wala cha kutia. Kama fedha zipo, zitaingia zenyewe na ujumbe utafika.

Sasa nifike penye hatari ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa zaidi kwa watu wa huku, nayo haihusu maduka. WhatsApp, tangu mwaka 2015, humruhusu mtu kuiunganisha akaunti yake na kompyuta kwa kusoma mraba unaotokea juu ya kioo cha kompyuta hiyo. Ni huduma halali na yenye manufaa, na makarani wengi wa mashirika huko Baraka huitumia kila asubuhi. Lakini fikiri kidogo: aliye na kompyuta akikuletea wewe picha ya mraba wake, nawe ukausoma kwa simu yako, akaunti yako ndiyo inayoingia katika kompyuta yake. Tangu hapo husoma ujumbe wako unapofika, na huweza kuandika kwa jina lako na kwa picha yako, wala simu yako haizimiki. Mwezi Januari 2025 kampuni ya Microsoft, na mwezi uliofuata Google, zilieleza kwamba hata makundi ya majasusi yanayoitumikia Urusi yametumia hila ya mraba wa kuunganisha, mengine dhidi ya watumiaji wa WhatsApp na mengine dhidi ya watumiaji wa programu nyingine iitwayo Signal. Hila iliyowanasa wenye vyeo na walinzi haitashindwa kumnasa kijana aliyeahidiwa mega za bure.

Ishara zake zajulikana. Mraba wa mwaliko wa kundi, ukisomwa kwa kamera ya kawaida, huonyesha anwani inayoanza kwa chat.whatsapp.com, lakini mraba wa kuunganisha kifaa haukamilishi kazi kwa kamera ya kawaida peke yake, bali hukutaka uingie ndani ya WhatsApp yenyewe, ufungue sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, na pengine uthibitishe kwa alama ya kidole. Kwa hiyo mtu akikuelekeza kwa sauti ya upole, hatua kwa hatua, uifikie sehemu hiyo, awe anakuita katika shindano la kumpigia kura mtoto, au katika orodha ya msaada, au katika kundi la wanunuzi wa Dubai, umekwisha kuijua nia yake. Atakuhimiza ufanye upesi, na sababu ya haraka yake ni kwamba mraba ule hudumu muda mfupi sana kisha hubadilika. Madhara yake hayaishii kwako. Katika Misisi kuna vijana ambao mama zao, huko Fizi au Kazimia, hawajawaona kwa miezi, nao huzungumza kwa maandishi kwa kuwa mtandao haubebi sauti kila siku. Mama akipokea kwa jina la mwanawe ujumbe kwamba shimo limeporomoka na fedha za hospitali zahitajika usiku huo huo, hataomba ithibati. Inafaa basi kila jamaa ikubaliane mapema kwamba ombi la fedha kwa maandishi halijibiwi mpaka sauti isikike, hata ikichelewa mpaka asubuhi. Na kila mwenye WhatsApp aifungue leo sehemu hiyo ya vifaa vilivyounganishwa, aone kama kuna kompyuta asiyoijua, aiondoe. Kisha awashe ule uthibitisho wa hatua mbili, ambao ni namba yake ya siri ya tarakimu sita.

Kuna namna nyingine ya udanganyifu inayostahili kuzungumzwa kwa kirefu mahali penye dhahabu, nayo ni karatasi yenye mraba. Watu wameanza kuamini kwamba hati yenye msimbo wa QR ni hati ya kweli, kama zamani walivyoamini kwamba hati yenye mhuri mwekundu ni hati ya kweli. Katika stakabadhi za kodi za Tanzania imani hiyo ina msingi: mraba ulio juu ya stakabadhi ya mashine ya kodi hukupeleka katika anwani ya mamlaka yenyewe, verify.tra.go.tz, na huko waweza kulinganisha jina la duka na kiasi cha fedha na vilivyo katika karatasi mkononi mwako. Lakini chunguza ni kitu gani hasa kilichothibitisha hapo. Si mraba uliothibitisha, ni nyumba uliyofikia. Mghushi wa cheti cha dhahabu, au cha shamba, au cha diploma, hashindwi kuweka mraba juu ya cheti chake, wala hashindwi kujenga ukurasa wenye bendera na nembo, ambao kila aufunguaye hukuta neno la kijani likisema kwamba hati ni halali. Huyo amekuwa mghushi na shahidi wake kwa wakati mmoja. Hati ya madini ikisema imetoka CEEC, ambayo ndiyo ofisi ya Kongo ya kupima na kuthibitisha madini ya thamani, au ikimtaja mtumishi wa SAEMAPE anayewasimamia wachimbaji wadogo, usiifuate anwani ambayo hati yenyewe imekupa. Itafute ofisi kwa njia nyingine, kwa mtu anayefanya kazi humo au kwa namba uliyokuwa nayo kabla ya hati hiyo kukufikia, na uisome namba ya hati kwa sauti. Huchukua siku moja zaidi, na katika biashara ya kilo nzima siku moja ni bei rahisi. Wanunuzi wa ng'ambo wanaotumiwa picha za vyeti kwa simu wangeepushwa na misiba mingi kwa utaratibu huo mdogo.

Matangazo ya kazi na ya msaada nitayapita kwa maneno machache, ingawa huwaumiza watu wengi, kwa sababu dawa yake ni moja. Pwani ya Fizi, tangu kambi ya Lusenda ilipofunguliwa mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, imezoea magari ya mashirika na majina yao, na majina hayo ndiyo yanayoazimwa. Umoja wa Mataifa hautozi ada katika hatua yoyote ya kuajiri, na msaada wa UNHCR hutolewa bure. Kwa hiyo mraba unaokufikisha penye kudai dola tano za kufungulia faili, au namba ya kadi yako ya mpigakura pamoja na namba ya siri ya simu, umekwisha kujihukumu. Uliza katika ofisi ya shirika lenyewe, au usome ubao wake wa matangazo.

Jihadhari pia na dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa, yaani programu za kusomea misimbo. Simu nyingi hazizihitaji, kwa kuwa kamera yatosha, lakini watu huzipakua kwa mazoea au hupewa na rafiki kwa njia ya Bluetooth au Xender. Programu moja iliyoitwa Barcode Scanner, iliyokuwa imepakuliwa mara zaidi ya milioni 10 katika duka la Google na kutumika vema kwa miaka, ilibadilika baada ya sasisho la Desemba 2020 ikaanza kuwafungulia watu kurasa za matangazo wasizoziomba, na Google ikaiondoa. Ikiwa programu ya dukani iliharibika hivyo mikononi mwa mamilioni, ile iliyopitishwa kutoka simu hadi simu ndiyo yenye mashaka zaidi. Vivyo hivyo, mraba ukikufikisha kwenye ukurasa unaodai upakue faili lenye tamati ya apk ili upate zawadi au kuona picha, rudi ulikotoka.

Lakini tuseme umekwisha kufungua. Kufungua ukurasa peke yake, katika simu iliyosasishwa, aghalabu si maangamizi. Madhara huanza pale unapoandika kitu au unapopakua kitu. Zima mega mara moja, ufunge ukurasa. Ukiwa umeandika namba ya siri ya M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, ibadilishe kwa menyu ya nyota na diezi kabla ya kumweleza mtu yeyote kisa chako, kisha nenda kwenye duka la kampuni au uipigie simu, uombe akaunti izuiwe kwa muda. Ukiwa umepakua programu, iondoe, na kama simu inaendelea kufanya visa, hifadhi picha na namba zako mahali pengine, uirudishe katika hali ya kiwandani. Usiufute ujumbe uliokuletea mraba: piga picha ya kioo, andika siku na namba iliyoutuma, kwa sababu Kongo inayo sheria, ule Msimbo wa Dijitali uliotolewa kwa amri yenye nguvu ya sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, unaoyataja na kuyaadhibu makosa ya mtandaoni, na mwenye kulalamika akiwa na ushahidi husikilizwa kuliko mwenye kulalamika kwa machozi. Sitaki kumpa mtu tumaini la uongo: fedha zilizokwisha kutolewa kwenye kabini ya mji mwingine hazirudi kwa wepesi. Waambie jamaa na kundi lako siku ile ile, ingawa aibu itakushika mdomo, kwa maana mlaghai huitegemea aibu hiyo ili aendelee na watu wa orodha yako.

Imebaki neno kwa wenye maduka na wenye kabini, ambao wengine wao sasa hupenda kuwa na mraba wao wenyewe kwa malipo, au kwa kundi la wateja, au kwa Wi-Fi ya kuuza kwa saa. Uchapishe mkubwa, uandike chini yake kwa wino jina kamili litakalotokea katika simu ya mteja pamoja na namba, ili asiye na simu ya kisasa alipe kwa namba na mwenye nayo apate cha kulinganisha. Uuweke ndani, nyuma ya kioo au chini ya plastiki, upande ambao jicho lako hufika ukiwa umeketi. Ukiupeleka kwenye sekretaria kuchapishwa, usome kwa simu yako hapo hapo kabla ya kulipa, usiridhike na kuuona mzuri. Na kila asubuhi ukifungua mlango, kabla mteja wa kwanza hajaingia, usome tena kwa simu ya mtoto au ya jirani, uone kama jina linalotokea bado ni lako.